Kimia kwa Herufi I

Jumatatu asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma mabati, Papa Maliro alimshikia kaporali Grady kiti ili asianguke. Kiti kilikuwa na mguu mmoja mfupi. Grady alipanda na kopo la rangi nyekundu kuandika neno moja kwenye ukuta wa maktaba.

Maliro ndiye aliyeiangalia maktaba ile ya mtaa, mjini Beni, mashariki mwa Kongo, tangu wafanyabiashara fulani wa Butembo walipotoa nyumba na lori zima la vitabu, vikafika vimechanganyika na viazi vya Musienene. Zamani alikuwa mwalimu. Alikuwa mtu mrefu mwenye hasira za karibu, na kilichomchosha kuliko vyote ni makelele. Watu waliingia mle wakiongea kama wako sokoni, wakicheka, wakipiga simu. Basi akataka neno kubwa, lisomeke kutoka mlangoni: KIMYA.

Grady alikuwa askari aliyeletwa kutoka mkoa wa Équateur, mwenye mwandiko mzuri ajabu, na lugha yake ilikuwa Lingala. Aliposhuka kitini herufi zilikuwa zimenyooka, zote za kimo kimoja, na neno lilisomeka KIMIA.

"Grady, hapana I," Maliro akasema. "Weka Y. Ki-mya."

"Papa, si ni kimoja?"

"Haiko kimoja! Miye nilisema kimya, batu bafunge kinywa. Weye umeandika amani. Kimia ni Lingala yenu ya ku camp!"

Grady akachungulia ndani ya kopo. "Rangi imeisha, papa. Likambo te, haina neno. Amani haiko mubaya."

Maliro akafungua kinywa amwambie maneno ambayo mwalimu Mkatoliki huyasema akiwa peke yake. Alifika katikati ya neno la kwanza, akaacha. Hasira ilikuwa imemtoka. Hakuimeza wala hakuizuia, ilimtoka tu, akamshukuru Grady na kumpa maji ya kunywa. Alipotoka nje kwenye barza, mbele ya mlango, kumwaga maji ya kufutia ukuta ndipo hasira ilipomrudia, yote, kuanzia pale neno lilipokatikia, akalimalizia kwa sauti mbele ya mama aliyekuwa akipita na ndizi.

Tangu siku ile ikawa hivyo. Ukuta ulikuwa umeandikwa amani, na chumba kikafuata kilichoandikwa.

Mtu na mke wake waliokuwa wakigombania mbuzi tangu kwenye kona waliingia kujikinga mvua. Wakakaa benchi moja, wakaulizana habari za watoto. Mvua ilipokatika wakatoka, na ugomvi wa mbuzi ukaendelea pale pale ulipokuwa umeachwa. Panya waliacha kula vitabu. Paka wa jirani akahamia kwenye rafu ya chini, karibu nao. Siku bunduki zilipolia upande wa kilima, risasi moja ilipita dirishani, ikapunguza mwendo juu ya meza, ikatua kwenye atlasi iliyokuwa wazi, upande wa Australia. Maliro aliingoja ipoe, akaiweka kwenye droo pamoja na pini. Malaria haikumwacha mtu, na njaa pia, kwa sababu chumba kiliandikwa kimia tu, hakikuandikwa afya wala chakula.

Habari ikaenea mtaani, watu wakajaa, na hapo ndipo taabu ya Papa Maliro ilipoanza kweli. Walikuja wauza sombe, majani ya muhogo, waliochoka, walinzi waliotoka zamu, mawifi wasiosalimiana, polisi wawili pamoja na mwizi wao. Walikuja kupumzika. Watoto walilazwa kwenye rafu ya historia kwa kuwa ilikuwa pana. Kimya chenyewe, wapi! Watu wenye amani huongea sana, tena hucheka. Na hakuna aliyefungua kitabu. Juzuu za ensaiklopidia ziligeuka mito ya kulalia, na mama mmoja alikuwa na desturi ya kuweka sahani yake ya makayabu, samaki wa chumvi, juu ya kamusi.

Maliro aliinuka mezani zaidi ya mara moja kwenda kumtolea mama huyo ukali. Akimfikia anamsalimu, anamwuliza kama chumvi imetosha. Ndani mle hakuweza kukasirika hata kidogo. Ilimbidi kila mara atoke kwenye barza, akasirike huko, kisha arudi kazini. Wapita njia walimzoea, mtu mzima mwenye miwani, amesimama mbele ya mlango wa maktaba akiifokea barabara.

"Hii ni bibliothèque! Haiko hoteli! Bitabu biko mule, bimejaa, bimetoka mbali! Ata mutu moya asome! Moya tu!"

Kisha anaingia, anafunga mlango polepole asimwamshe mtu.

Na kwa kweli mmoja alikuwepo. Aliitwa Jemima, msichana wa miaka kumi na tisa, finaliste, yaani alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari akijiandaa kwa Examen d'État, mtihani wa taifa. Alikaa karibu na dirisha, ametia pamba masikioni, akisoma. Yeye na mama yake Berthe walikuwa badéplacés, wamekimbia Kasanzi, kijiji cha upande wa kaskazini, baada ya watu kutoka porini na mapanga na kumwua baba yake katikati ya kakao yake. Mwaka uliopita mtihani haukufanyika Kasanzi kwa ajili ya mambo hayo, na mwaka wa Jemima ukapotea. Safari hii kituo cha Kasanzi kilikuwa kimehamishiwa Beni, kwenye shule iliyokuwa nyuma tu ya maktaba. Akipata diplome angekwenda Butembo kusomea ualimu. Hilo ndilo alilolitaka, na Maliro alilitaka pamoja naye, labda kumzidi. Jioni, watu wakianza kutawanyika, alimwuliza maswali ya jiografia na ya historia, na Jemima alijibu huku akitoa pamba sikio moja.

"Ukipita," Maliro alimwambia siku moja, "nitajua kama hii nyumba ilisaidia kintu. Hawa bengine bote, Mungu abarehemu, beko nalala tu."

"Nitapita, papa."

"Ikuwe vile. Sasa niambie mito ya Kasaï."

Zikiwa zimebaki wiki chache kabla ya mtihani, ikaja tume. Ilitumwa kuchunguza kama usalama umerudi kwenye vijiji vya kaskazini. Barabara ya kwenda huko ilikuwa ya hatari, kwa hiyo tume iliamua kuuchunguza usalama wa barabara ile kutokea mjini. Mkubwa wake aliitwa Bwana Urbain, mtu wa mkoa mwingine, suti imepigwa pasi vizuri, mkono mmoja tumboni kwa kuwa tumbo lilimsumbua. Pamoja naye alikuja Delphine, mwandishi wake. Walitafuta mahali pa kuwasikiliza badéplacés, penye kivuli na umeme wa kuchaji simu, na mtaa mzima ukawaonyesha maktaba.

Maliro aliwapokea kwenye barza. Alielewa mara moja kitakachotokea.

"Chef, tuikale hapa inje," akasema. "Nitaleta biti bya kuikalia, na benchi. Mule ndani batu habawezi kusema mambo vile iko."

"Hapa inje kuko jua, papa. Na vumbi."

"Nakuomba, chef. Ile chumba inabafanya bapole."

"Mais ni vizuri bakuwe bapole," Urbain akasema. "Nimechoka na makelele." Akaingia.

Alipovuka mlango mkono ulimtoka tumboni. Akasimama, akavuta pumzi, akawatazama watu waliolala na paka aliyejinyoosha kando ya panya.

"Ah! Mais hapa kuko kimia!"

"Ni ukuta, chef," Maliro akasema. Sasa naye alikuwa ndani, na sauti yake ilikuwa nzuri sana.

"Naona. Umeandikwa vizuri."

Berthe alikuwa wa kwanza kuitwa. Tangu alfajiri alikuwa akiyapanga maneno yake. Pale nje alimwambia Jemima kwamba leo wakubwa watamsikia, watasikia yote, huyo bwana kalamu itamwanguka. Alivuka mlango, akakaa, akakunja kitenge vizuri juu ya magoti. Akasimulia yote bila kuacha hata kitu, kwa sauti ya mtu anayeeleza jinsi ya kutwanga sombe.

"Balimukatia bwana yangu mu kakao," akasema. "Miye nilikuwa mu majani, niliona. Iko vile. Sasa ile kakao, bengine njo bako nabuna."

"Na uko na woga ya kurudia kule?" Delphine akauliza.

Berthe akafikiri kwa uaminifu. "Sasa hivi? Hapana. Hapa sina woga."

Delphine akaandika. Maliro, aliyesimama nyuma, alijua kwamba hapa mtu anatakiwa kupiga meza na kupaza sauti. Alijua hivyo kama mtu anavyojua jina la mji mkuu wa nchi ya mbali. Alikohoa kidogo.

"Mumuulize tena akiwa inje, tafazali," akasema.

"Programme haituruhusu, papa," Urbain akajibu, naye kwa upole.

Waliwasikiliza wengine wengi siku ile, mmoja mmoja, na wote walieleza vifo vyao vizuri, bila kupandisha sauti. Tume ikafunga makaratasi yake na kuondoka. Berthe alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma kunawa uso. Alipozunguka na kufika barza, kilio kilimpasuka, akapiga kelele hata wauza mafuta ng'ambo ya barabara wakasimama. Gari la tume lilikuwa linageuka pale pale, vioo vimefungwa kwa ajili ya vumbi.

"Papa Maliro, juu ya nini niliongea vile? Nilitaka kusema! Nilitaka alie!"

"Ni ukuta, mama."

"Na mauti ya bwana yangu niliisema kama bei ya mahindi! Nyamuhanga, Mungu wangu! Batanisikia siku gani sasa?"

Maliro akamketisha kwenye ngazi. Alikaa naye mpaka akachoka kulia. Kesho yake alichukua kisu cha jikoni, akapanda kwenye kile kiti, akakusudia kuikwangua ile I na kuchora Y mahali pake. Alipofika juu hakuona sababu ya kuidhuru herufi. Akashuka, akatoka barza, akajitukana mwenyewe kwa Kinande na kwa Kifaransa, akarudi na kisu, akapanda tena, akashuka tena. Alimwita Grady, naye akapanda na kushuka vilevile.

Radio ilitangaza kabla ya mwisho wa wiki. Tume imekuta hali ni shwari, mashahidi wametulia, hawana woga. Watu warudi kwenye mashamba yao. Vituo vya Examen d'État vilivyohamishwa virudi vijijini, Kasanzi kikiwemo. Kikosi cha Grady kilichokuwa kikilinda barabara ile kikapewa amri ya kwenda kwingine, maana hakuna tena cha kulinda. Grady alipita kuaga, ameshika kofia mkononi, akasimama mbele ya neno lake akilitazama.

"Papa, pardon," akasema. "Ningeleta rangi ya kutosha."

Maliro akavaa koti lake la misa akaenda kwenye bureau ya mitihani. Alingoja nusu ya siku nzima. Ofisa aliyempokea alikuwa kijana mwenye adabu.

"Murudishe kituo hapa," Maliro akamwambia. "Batoto babaki Beni. Kule bataenda kufa!"

"Papa, kimia ilipatikana mu bibliothèque yako. Sasa unakana bibliothèque yako?"

"Ilipatikana mu bibliothèque! Haikupatikana Kasanzi!"

"Rapport inasema hali ya zone. Bibliothèque haiko mu zone?"

"Iko, mais…"

"Donc, basi," ofisa akasema, akamfungulia mlango.

Hapa Maliro angalau hakuwa ndani ya kile chumba. Alipiga meza, alipiga mlango, aliita majina ya watakatifu na ya wanyama, mpaka mlinzi akaja kumtoa kwa kumshika kwapani. Haikubadilisha kitu. Alirudi nyumbani kwa miguu, koti begani, akiongea peke yake njia nzima.

Akamwambia Jemima asiende. Walikuwa kwenye barza, kwa makusudi, ili kila mmoja awe na akili zake zote.

"Ngojea mwaka kesho, mwanangu."

"Nilingojea mwaka jana, papa. Nikangojea tena. Mwaka kesho bataipeleka wapi?" Alikuwa akilia na kukasirika kwa pamoja. "Weye njo uliniambia nisome mpaka ku mwisho. Sasa mwisho iko Kasanzi. Nifanye aje?"

"Usiende! Nasema usiende!"

"Basi unipe diplome weye!"

Berthe alisema hatamwacha mtoto aende peke yake. Pia alitaka kuiona kakao, hata kama imevunwa na wengine. Waliondoka asubuhi kwa moto, yaani pikipiki, wawili nyuma ya dereva mmoja, mfuko wa nguo katikati yao, na kalamu mbili mpya za Maliro kwenye nywele za Jemima ili zisipotee. Maliro aliinua mkono mpaka vumbi likatulia.

Siku ya pili ya mtihani dereva yule yule aliingia maktabani, akatafuta nafasi kwenye benchi, akaketi. Akasema kwamba Kasanzi ilishambuliwa asubuhi, wanafunzi walipokuwa wakipanga foleni. Shule imeungua. Watu wengi wamekufa, yeye mwenyewe amepita kwenye mashamba, moto ameiacha huko. Watu chumbani walimsikiliza kwa makini, wakatikisa kichwa. Mtu mmoja alimpa maji, mwingine akamwomba asogee kidogo ili mtoto alale vizuri.

"Asante kwa habari," Maliro akasema.

Akakaa. Alijua kwamba kuna kitu kizito amekisikia, na kwamba kukisikia hasa kunangoja ng'ambo ya mlango. Aliweka miwani mezani. Alipanga vitabu viwili vilivyokuwa vimelala vibaya. Kisha akainuka, akavuka kizingiti, na hapo akapiga magoti kwenye sementi ya barza akalia mpaka sauti ikakauka.

Jemima alirudi siku chache baadaye, kwa miguu, viatu mkononi. Alikuwa peke yake. Maliro alimkuta amesimama kwenye barza, hakupiga hodi.

"Mama?"

"Tulimuzika pale pale. Karibu na papa."

Maliro alimshika mabega. Akasema lile ambalo mtu yeyote wa mtaa ule angesema: "Ingia ndani, mwanangu. Utapumuzika."

"Hapana."

"Kidogo tu. Mule hautasikia uchungu."

"Njo maana siingii, papa. Unileteye kitabu hapa inje."

Akamletea. Tangu hapo Jemima alisomea barza, jua au mvua, na Maliro akahamishia meza yake huko ili asikae peke yake. Alisoma kwa sauti, kwa hasira, akipiga ukurasa kwa kidole, na Maliro akamwuliza maswali kwa hasira vilevile. Matokeo ya Examen d'État yalipotoka, mbele ya jina lake paliandikwa kwamba hakuwepo siku ya pili. Wasiokuwepo hawana rufaa. Watu walipita kati yao wakiingia ndani kupumzika, wakiwasalimu, na wakitoka waliwaaga.

Tume ilirudi msimu wa mvua kuhakikisha kama amani bado ipo. Gari likasimama palepale. Bwana Urbain akashuka, mkono tumboni, haraka haraka, kama mtu aliyeikumbuka dawa yake njia nzima. Akamwona msichana kwenye ngazi na kitabu magotini, matone yakimrukia miguuni.

"Mwanangu, unasomea hapa inje sababu gani, na mule kuko kimia?"

Jemima akafunga kitabu. Maliro akasimama kutoka mezani.

"Nikiingia mule, chef, nitakusamehe," Jemima akasema. "Na sitaki kukusamehe. Mama yangu alikuambia, haukusikia. Sasa miye njo nitakuambia, na utasikia hapa, inje, mpaka nimalize."

Urbain akamtazama, kisha akaitazama mvua. Delphine alikuwa ameshatoa kalamu.

"Ni sawa, nitakusikiliza," Urbain akasema kwa adabu. "Mais tuingie ndani, tusilowe."

Akaingia.